Nazi Moja, Seredani Moja: Mwongozo Kamili wa Kupika Nyumbani Unguja kwa Gharama Ndogo

Mwezi wa kwanza nilipohamia chumba cha kukodi Ng'ambo, mjini Unguja, nilinunua makaa ya seredani, yaani jiko la mkaa, mara nne. Mchele wa mwezi huo haukumalizika. Asubuhi nawasha moto wa chai, mchana wa wali, jioni nawasha tena kupasha mchuzi, na kila mara makaa yanabaki yakiwaka bure mpaka yanageuka majivu. Bibi mwenye nyumba alikuwa akikaa barazani ananiangalia. Siku moja akashindwa kunyamaza: "Mwanangu, wewe hupiki chakula, wapika makaa."

Nikamwomba anifundishe. Haya ninayoyaandika ni yake, pamoja na machache niliyoyapata kwa kuunguza vyungu vyangu mwenyewe. Yeye haanzi kwa kujiuliza leo apike nini. Anaanza kwa kuhesabu: nazi hii moja na moto huu mmoja vitatoa vyungu vingapi? Ukifuata mpangilio, vitatoa vinne: choroko, mchuzi wa dagaa, mchicha na wali. Watu wazima wanne wanashiba mchana, na choroko zinangoja jioni.

Bei sitazitaja, kwa sababu fungu la dagaa la Jumatatu si la Ijumaa. Vipimo nitavitaja. Kikombe ninachosema ni kile cha robo lita, na ukitumia kikombe chako kingine, kitumie hicho hicho kwa kila kitu.

Kabla ya kwenda sokoni, angalia mwezi

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa inawavuta na boti zinarudi zimejaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na dagaa wanaadimika. Kwa hiyo nunua dagaa wakavu siku za giza, uweke. Tena nunua kabla ya masika kushika, maana mvua zikianza mwezi wa tatu kuanika kunakuwa taabu, na utauziwa dagaa wenye unyevu ambao wiki ya pili wameshaota ukungu. Mimi nikifika nao nyumbani nawaanika tena juani kutwa nzima, kisha nawatia kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza.

Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa; pita kijiji cha Kama utawaona kwenye vichanja. Likumbuke hilo unapopika, kwa sababu chumvi imeshaingia. Mzuri anang'aa kama fedha, ukimpinda anakatika, na ananuka bahari. Aliyegeuka manjano tumboni mafuta yake yameshaharibika, na hakuna bizari itakayomficha. Muuzaji akikuchotea juu ya fungu, mwombe achote na chini.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki sana, na samaki wakubwa bei zao hupanda. Huo ndio wakati wa dagaa wa kwenye kopo na choroko. Pweza msahau, anagombewa na mahoteli. Ukitaka samaki mbichi wa bei nafuu tafuta vibua, alasiri, wakati mchuuzi hataki kulala nao. Fungua mashavu: yawe mekundu, na macho yawe yamejaa. Macho yakiwa yamedidimia, rudi kwenye dagaa wako.

Soko la Darajani lipo tangu 1904 na wageni wanalipiga picha. Mimi kitunguu changu nanunua soko la Mwanakwerekwe. Tungule, yaani nyanya, zilizoiva mpaka zinabonyea huuzwa mafungu ya bei ya chini, na kwa mchuzi hizo ndizo tamu zaidi, ila zipikwe siku hiyo hiyo.

Orodha ya siku moja, watu wanne:

- nazi 1 kubwa iliyokomaa
- mchele vikombe 3 (kama gramu 600)
- dagaa wakavu vikombe 2
- choroko vikombe 2
- mchicha mafungu 2
- tungule 6, vitunguu maji 3, thomu (kitunguu saumu) kichwa kimoja
- embe mbichi nusu, au birimbi nne, au ndimu moja
- bizari ya mchuzi, manjano, pilipili mbichi, chumvi, mafuta ya kupikia

Nazi: hapa usiwe na haraka

Kosa la kwanza la mpishi mgeni ni kununua koroma akidhani ni nazi. Koroma imeshapita udafu lakini haijakomaa. Nyama yake ni laini na tui lake ni maji matupu. Nazi iliyokomaa ni nzito mkononi, ukiitikisa karibu na sikio maji yanalia, na macho yake matatu ni makavu, hayana ukungu wala unyevu. Isiyolia kabisa iache. Ama imekauka, ama imepasuka, ama imeanza kuchipua.

Ivunje juu ya bakuli na uonje maji yake. Yakiwa matamu, endelea. Yakiwa na ladha ya sabuni, nazi imeoza hata kama nyama ni nyeupe. Mwenye duka anayekujua atakubadilishia, ndiyo maana ni vizuri kuwa na duka moja la nazi.

Kaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anzia kukuna pembeni ukielekea katikati, huku unazungusha kifuu kidogo kidogo. Ukiona unga wa kahawia unaanza kuchanganyika, umeshafika kwenye ganda, simama. Ile kahawia haina madhara, lakini inatia tui rangi ya vumbi na uchungu kidogo. Mimi siku ya kwanza nilikuna mpaka kifuu kikang'aa, nikidhani ndio kubana matumizi. Wali ukatoka kama umepikwa kwa maji ya mvua ya juu ya bati.

Sasa kamua mara tatu, na kila mkamuo uwe na bakuli lake:

Mkamuo wa kwanza: tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, isugue kwa kiganja dakika mbili mpaka vidole vinateleza kwa mafuta, kisha kamua kwa kifumbu au chujio. Utapata kasimile, yaani tui zito la kwanza, kama kikombe kimoja na robo.

Mkamuo wa pili: vikombe 2 na nusu vya maji ya uvuguvugu, sugua tena, kamua. Hili ni tui jepesi.

Mkamuo wa tatu: vikombe 2 na nusu vingine. Changanya na la pili, upate vikombe 5 vya tui jepesi.

Maji yawe ya uvuguvugu kwa sababu mafuta ya nazi huganda yakipoa, na yaliyoganda hubaki kwenye machicha, yale makapi ya nazi iliyokamuliwa. Maji yanayochemka nayo hayafai, hutaweza kutia mkono. Ukitumia mashine ya kusagia ni sawa, na ni haraka, lakini chuja mara mbili.

Mgawo wenyewe ni huu, na ndio roho ya mwongozo wote. Tui jepesi: vikombe 4 vya wali, kikombe 1 cha mchuzi. Kasimile: nusu kikombe kwa wali, nusu kwa mchuzi, robo kwa mchicha. Watu wengi humimina kasimile yote kwenye chungu cha kwanza, kisha hutuma mtoto dukani kununua nazi ya pili.

Machicha yanayobaki mpe kuku. Huna kuku, jirani anao, na siku moja utaletewa yai.

Moto: kigumu kwanza, wali mwisho

Seredani iwe uani au penye upepo. Usiiwashe chumbani ukafunga madirisha, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu usingizini.

Washa saa nne asubuhi kwa makumbi makavu ya nazi na vipande vya kifuu chini, makaa juu. Ngoja mpaka makaa yavae majivu meupe. Ukitia chungu wakati bado ni meusi na yanatoa moshi, unalipia moto usiopika. Moto mpya ni mkali, basi unapewa choroko. Ukilainika kidogo unapika mchuzi. Wali unahitaji moto wa kufa, kwa hiyo unakuja mwisho. Mimi nilikuwa nafanya kinyume: wali kwanza, unaungua chini na juu una kiini, kisha choroko zinakutana na makaa yaliyochoka, naongeza mengine.

Ukipika kwa gesi mpangilio ni huo huo, tofauti ni kwamba unapunguza moto kwa mkono.

Choroko na kapu la kanga kuukuu

Chagua choroko kwenye sinia, uondoe vijiwe. Zioshe, tia vikombe 6 vya maji, bandika. Hazihitaji kulowekwa. Zikichemka ziache zichemke kwa nguvu dakika kumi, mfuniko ukiwa juu.

Wakati huo tayarisha kapu la ukindu: tandika kanga kuukuu chini na pembeni, nene kama godoro la mtoto. Dakika kumi zikitimia, epua sufuria bila kuifunua, itie ndani ya kapu, ifunike kwa kanga nyingine na mto juu. Basi. Choroko zitaendelea kuiva zenyewe kwa joto lile, na makaa yako yako huru. Baada ya saa mbili zitakuwa zimepasuka na kulainika. Mara ya kwanza sikuamini, nikafunua kila nusu saa kuchungulia, na kila nilipofunua joto likatoka. Jioni zilikuwa bado zinagonga meno. Usifunue.

Mambo mawili. Sufuria iwe imejaa angalau nusu, maana chakula kidogo hupoa upesi. Na zikitoka kapuni zichemshe tena kabla ya kula, kwa sababu chakula kilichokaa vuguvugu muda mrefu huharibika bila kunuka. Maharage nayo unaweza kuyafanya hivi, lakini yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, na yachemke vikali si chini ya dakika kumi kabla ya kuingia kapuni. Maharage mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya.

Mchuzi wa dagaa

Toa vichwa vya dagaa, na matumbo kama ni wakubwa. Wakaange kavu kwenye kikaango bila mafuta dakika tatu au nne, ukiwageuza, mpaka harufu ibadilike kutoka ya bahari iwe ya kitu kilichochomwa. Kisha waloweke kwenye maji ya moto dakika kumi na uwasuuze mara mbili. Pitisha kidole chini ya bakuli: ukihisi mchanga, suuza mara ya tatu. Onja mmoja, ujue ana chumvi kiasi gani.

Katakata kitunguu kimoja kikubwa. Tia vijiko viwili vya mafuta kwenye sufuria, kaanga kitunguu mpaka kingo zake zianze kuwa za kahawia. Ongeza thomu punje nne zilizopondwa, kijiko kimoja cha chai cha bizari ya mchuzi na nusu kijiko cha manjano, na papo hapo nyunyiza maji kidogo. Bizari ikikutana na mafuta makavu huungua kufumba na kufumbua, na mchuzi wote utakuwa mchungu.

Tia tungule tatu zilizokatwakatwa. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Ziache zipondeke, uzikoroge, mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni na uji wa tungule umekuwa mzito unaoshikamana. Ni kama dakika nane. Mchuzi uliotiwa tui kabla ya hapo huwa na ukali wa tungule mbichi, na mpishi hulaumu nazi.

Sasa mimina kikombe 1 cha tui jepesi, tia dagaa, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na vipande vya embe mbichi. Funika, uchemke taratibu dakika kumi. Chumvi usitie bado.

Epua hapo. Kasimile haijaingia, na ni makusudi: itaingia mwisho kabisa, wakati unapakua wali, mchuzi ukirudi motoni mara moja. Ukiitia, koroga upande mmoja bila kuacha mpaka povu la kwanza linyanyuke, kisha epua. Kasimile ikichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yanaelea na chini hubaki maji yenye punje nyeupe. Ukitumia ndimu badala ya embe, ikamue baada ya kuepua. Birimbi zitie dakika tano kabla ya mwisho. Ndipo uonje chumvi. Mara nyingi haihitajiki.

Mchicha

Ni wa dakika saba. Osha majani kwa maji mengi, kata, kaanga nusu kitunguu, tia mchicha na chumvi kidogo bila maji. Utatoa maji yake mwenyewe. Yakikaribia kukauka mimina ile robo ya kasimile, geuza mara mbili, epua. Mboga ya mtoriro inapikwa hivi hivi. Kisamvu hapana: lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu, kwa sababu kibichi kina sumu, na hiyo ni kazi ya siku nyingine yenye moto wake.

Wali

Osha mchele mara tatu. Bandika vikombe 4 vya tui jepesi na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, koroga mpaka lichemke. Tia mchele, koroga mara moja tu, funika. Tui likishuka likawa sawa na mchele, na vitundu vinaonekana juu, mwagia nusu kikombe cha kasimile, geuza kutoka chini kuja juu kwa mwiko, mara mbili, tatu hivi.

Sasa palia. Toa nusu ya makaa chini uyaweke juu ya mfuniko. Mfuniko uwe bapa na usiwe na kishikio cha plastiki. Uache dakika kumi na tano hadi ishirini. Joto la juu hukausha punje za juu, na la chini hutengeneza ukoko. Kwa gesi, weka kipande cha bati juu ya moto mdogo kabisa, halafu sufuria, na mfuniko ukandamize kwa kitu kizito.

Ukiwa umegeuka bokoboko, ulizidisha tui au ulikoroga sana. Kesho punguza nusu kikombe. Ukiwa na kiini, nyunyiza maji ya moto robo kikombe, funika, ongeza dakika kumi. Ukiungua, usiukoroge. Pakua sehemu ya juu taratibu, harufu ibaki na chini.

Wali wa nazi huchacha upesi kuliko mweupe, hasa siku za joto la kaskazi. Pika kiasi kitakachoisha mezani. Kikibaki, kama una friji kitie mapema baada ya kula, na asubuhi kipashe mpaka kitoe mvuke. Huna friji, usikiweke kiporo cha nazi mpaka kesho.

Jioni bila kuwasha tena moto mkubwa

Makaa ya mwisho, yale ya juu ya mfuniko, hayajafa. Wakati wa kupakua wali yarudishe, upashe mchuzi na kasimile yake, kisha funika viazi vitamu viwili au vitatu ndani ya majivu ya moto. Baada ya dakika arobaini, ukibonyeza kiazi na kikabonyea, kimeiva.

Saa kumi na moja choroko zinatoka kapuni. Kaanga kitunguu kimoja, thomu na tungule tatu, uzimimine choroko, zichemke dakika tano kwa makaa machache. Kula kwa mkate wa boflo au kwa viazi vile vya majivuni.

Siku nyingine badilisha wali kabisa. Mchele wetu mwingi unakuja kwa meli, na bei yake inafuata meli. Muhogo, majimbi na shelisheli vinatoka shamba. Shelisheli likiwa msimu hulioni likiuzwa ghali isipokuwa Ramadhani, maana kila nyumba inalitaka kwa futari. Muhogo menya maganda yote mawili, la kahawia na lile la waridi chini yake, ramba kipande kibichi na uteme. Ukiwa mchungu, urudishe au uutupe. Mtamu ukate, toa uzi wa katikati, chemsha dakika kumi bila mfuniko, mwaga maji hayo, utie mengine na chumvi mpaka uive. Ukitaka wa nazi, maliza kwa tui ukifuata mgawo ule ule: jepesi kwanza, kasimile mwisho.

Vifuu viwili vya leo usivitupe. Viweke juu ya ukuta uani vikauke, asubuhi vivunje vipande vipande uviweke chini ya makaa. Kifuu kimoja kikavu kinatosha kuwasha seredani bila tone la mafuta ya taa.